Wa Kwanza Katika Ukoo Kufika Chuo Kikuu: Nani Anamshika Mkono?

Kila mwaka, kati ya mwezi wa saba na wa kumi, ofisi ndogo ya msikiti wetu hapa Nkuhungu hupokea wageni ambao hawakuja kuuliza nyakati za swala wala kuandikisha ndoa. Ni wazazi wenye bahasha. Ndani ya bahasha mna maelekezo ya kujiunga na chuo, aghalabu kurasa kumi na zaidi, kwa Kiingereza, na wenyewe wana ombi moja tu: "Ustaadh Katibu, hebu tusomee. Hapa wanataka nini?"

Wengi wao ni watu waliotoka Kondoa na Chemba wakahamia mjini, au wamebaki huko na mtoto amelelewa kwa shangazi hapa Dodoma. Wamo wakulima wa alizeti na karanga, wauza nafaka wa Sabasaba, madereva wa bodaboda, mama lishe. Mtoto wao amefaulu kidato cha sita, na katika ukoo mzima, kwa baba na kwa mama, hakuna aliyewahi kuingia chuo kikuu isipokuwa kama fundi au mpishi. Furaha ni kubwa, Alhamdulillah. Lakini chini ya furaha hiyo ipo hofu ambayo wazazi huona haya kuitamka: hawajui wanampeleka mtoto wapi, na hawana cha kumwambia atakapokwama.

Wamarekani wamempa mwanafunzi wa namna hii jina lake katika sheria. Humwita wa kizazi cha kwanza, yaani yule ambaye wazazi wake hawakuhitimu shahada ya kwanza, na tangu miaka ya 1960 serikali yao imekuwa ikigharimia programu maalumu za kumsaidia. Sisi hatuna jina la kisheria, ila hali yenyewe tunayo kwa wingi kuliko wao. Na kwa kweli taifa hili lote lilianza likiwa kizazi cha kwanza. Chuo Kikuu kishiriki cha Dar es Salaam kilipofunguliwa Oktoba 1961 katika jengo la TANU, Mtaa wa Lumumba, wanafunzi wake wa sheria hawakuzidi 15. Hao walikuwa wachache mno kiasi cha kujulikana kwa majina, na serikali iliwabeba kwa kila kitu.

Leo hesabu ni nyingine kabisa. Chuo Kikuu cha Dodoma, kilichoanza mwaka 2007 pale Chimwaga, kilibuniwa ili siku moja kichukue wanafunzi 40,000 katika eneo la hekta zipatazo 6,000. Elimu bila ada ilianza Januari 2016 hadi kidato cha nne, na tangu mwaka wa masomo 2022/23 ikafika kidato cha sita. Watoto wa nyumba ambazo zamani zingeishia darasa la saba sasa wanafika mlangoni mwa chuo. Mlango umepanuliwa, na hilo ni jambo la kushukuru. Swali letu ni nani anayewapokea upande wa pili wa mlango huo.

Karatasi kabla ya geti

Watu hudhani mwanafunzi hukwama kwa sababu ya masomo. Kwa tunayoyaona ofisini, kijana wa kwanza katika ukoo huanza kukwama miezi mitatu kabla hajaingia darasani, na hukwama kwenye karatasi.

Tazama mpangilio wa mwaka wenyewe. Mtihani wa kidato cha sita hufanyika mwezi Mei. Baada yake vijana wengi huitwa Jeshi la Kujenga Taifa kwa mujibu wa sheria, wengine karibu hapa Makutupora, wengine mikoa ya mbali. Kwa hiyo, wakati Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu inapofungua dirisha la maombi, mwombaji mwenyewe aghalabu yumo kambini au ndiyo kwanza anatoka, na kazi ya kukusanya nyaraka humwangukia mzazi ambaye hajawahi kujaza fomu hata moja kwenye kompyuta. Anatakiwa apate cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa na RITA, mdhamini mwenye kitambulisho, saini na muhuri wa serikali ya mtaa, na kiapo mbele ya hakimu au wakili. Kama kaya ilikuwa katika mpango wa TASAF, uthibitisho wake nao una uzito. Kosa la herufi moja katika jina, Hawa kwa cheti hiki na Hawwaa kwa kile, laweza kula wiki tatu.

Hapa nataka kusimama kidogo, kwa sababu lipo jambo linalotuhusu sisi Waislamu moja kwa moja, na sijaliona likizungumzwa mimbarini. Mtoto yatima hupewa uzito katika kupangiwa mkopo, lakini bodi haitambui uyatima kwa maneno ya majirani. Inataka cheti cha kifo. Sisi, kwa kufuata mafundisho ya dini yetu, hatumcheleweshi maiti. Mtu akifariki usiku kijijini Kondoa, kabla ya Adhuhuri keshazikwa, watu wamesoma dua, wametawanyika. Ni sawa na ni wema. Ila baada ya hapo hakuna anayekumbuka kwenda kusajili kifo, na miaka kumi na miwili baadaye binti wa marehemu anajaza fomu ya mkopo na hana namna ya kuonyesha kwamba baba yake hayupo duniani. Tumempata binti wa namna hiyo mtaani kwetu. Mama yake, mjane muuza mandazi, alilazimika kurudi kijijini kutafuta wazee walioshuhudia mazishi na mtendaji wa kijiji wa kuandika barua, ili kifo cha mwaka ule kisajiliwe kwa kuchelewa. Cheti kilipatikana, lakini awamu ya kwanza ya mikopo ilikuwa imekwisha kutangazwa.

Kamati zetu za mazishi zina sanda, zina jeneza la msikiti, zina daftari la michango. Lau zingeongeza kazi moja tu, ya kuhakikisha kwamba ndani ya siku 30 familia imepata cheti cha kifo, zingekuwa zimemsomesha yatima bila kutoa shilingi.

Fedha kabla ya fedha

Mtoto akishapata mkopo, wazazi hupumua. Mapema mno. Fedha ya kujikimu, ambayo wanafunzi wenyewe huiita bumu, na ambayo katika miaka hii imekuwa sh. 10,000 kwa siku kwa anayepewa kiwango kamili, haimngojei mwanafunzi stendi. Huingia baada ya kusajiliwa chuoni na kuisaini. Na ili asajiliwe, yapo malipo madogo madogo ambayo mkopo hauyagusi: bima ya afya, ambayo kwa miaka mingi imekuwa sh. 50,400 kwa mwaka, ada ya sh. 20,000 ya Tume ya Vyuo Vikuu, mchango wa serikali ya wanafunzi, kitambulisho na mengineyo. Kwa mwenye mshahara, hizi ni hela za mafuta ya gari. Kwa mama lishe wa Nkuhungu ni mtaji wote wa meza yake.

Basi hutokea duara la ajabu. Mtoto ana mkopo wa mamilioni umeandikwa jina lake, lakini hawezi kuufikia kwa kukosa laki moja na nusu. Mwenye kaka aliyepita chuoni hulijua hili na hujiandaa tangu Agosti. Wa kwanza katika ukoo hulijua siku ya usajili, akiwa na begi mkononi.

Chuo kimoja cha Marekani, Georgia State cha mjini Atlanta, kiliuona ugonjwa huu kikautafutia dawa. Kiligundua kuwa wanafunzi wengi waliokuwa wakifutwa kila muhula hawakuwa wamefeli. Walikuwa wanadaiwa kiasi kidogo. Kuanzia mwaka 2011 kikaanza kuwalipia salio hilo bila hata wao kuomba, na wengi waliolipiwa wakaendelea hadi kuhitimu. Chuo chenyewe kilinufaika, kwa kuwa mwanafunzi aliyebaki huleta ada ya muhula unaofuata. Sioni kwa nini msikiti wenye watu mia tatu siku ya Ijumaa ushindwe jambo la aina hiyo kwa vijana wake wachache. Tuna makundi ya WhatsApp ya harusi ambako kadi ya mtu mmoja ni sh. 50,000 na mtu husumbuliwa kwa simu mpaka alipe. Sijasikia kundi la usajili wa chuo.

Wapo wanaouliza kama zaka yafaa hapa. Makundi manane ya wanaostahiki yametajwa katika Surat At-Tawba, aya ya 60, na fakiri na maskini ndio wa mwanzo. Imamu Nawawi, katika Al-Majmuu, ameeleza kwamba mwenye uwezo wa kufanya kazi lakini ameshughulika na kutafuta elimu ya dini, kiasi kwamba kazi ingemkatisha, anaweza kupewa zaka, na miongoni mwa wanazuoni wa zama zetu wapo walioipanua hukumu hiyo kwa elimu nyingine zenye manufaa kwa umma. Ufafanuzi wa kina nawaachia masheikh. Ninalosema ni kwamba swali lina jibu katika vitabu, na mtoto wa mjane asiye na nauli ni fakiri kabla hajawa mwanafunzi.

Suala la riba nalo lisiachwe gizani, maana limewazuia baadhi ya wazazi wachamungu kuwaruhusu watoto kuomba mkopo. Ni kweli kwamba kwa miaka kadhaa mkopo ulibeba tozo ya asilimia 6 kwa mwaka, iliyoitwa ya kulinda thamani. Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza kuifuta tozo hiyo katika sherehe za Mei Mosi mwaka 2021 jijini Mwanza, na adhabu ya asilimia 10 kwa waliochelewa kurejesha ikafutwa mwaka huohuo. Mnufaika hukatwa asilimia 15 ya mshahara anapoanza kazi, na kuna gharama ya uendeshaji ya asilimia 1. Mzazi na amuulize sheikh anayemwamini, lakini aulize juu ya mkopo ulivyo leo. Nimekutana na baba aliyemkataza bintiye kwa hoja ya tozo ambayo ilikuwa imekwisha kufutwa.

Sapu si kufukuzwa

Niseme sasa juu ya maisha ndani ya chuo, maana hapo ndipo wazazi tusipoona kitu.

Kijana mmoja wa mtaa wa jirani alijiunga na chuo nje ya mkoa huu. Alisoma shule ya kata, akapanda hadi kidato cha sita kwa juhudi zake. Muhula wa kwanza alikuta mhadhiri anayezungumza Kiingereza saa mbili mfululizo mbele ya watu mia nne, hasimami kuuliza nani hakuelewa. Matokeo yalipotoka alikuwa na sapu mbili, yaani masomo mawili ya kurudia mtihani. Katika lugha ya chuo hilo ni jambo la kawaida. Maelfu hurudia mtihani, wanafaulu, wanaendelea. Kinachotisha ni kudisko, kuondolewa kabisa. Lakini yeye hakuijua tofauti hiyo, na nyumbani hakuna aliyeijua. Kwao kufeli ni kufeli. Akaona haya, akaacha kuingia darasani, akaanza kubeba mizigo sokoni katika mji uleule, huku akipiga simu nyumbani kila Ijumaa na kusema masomo yanaendelea vizuri. Baba yake alipata habari baada ya mwaka mzima, kutoka kwa mtu baki.

Mzee yule aliniuliza swali moja: "Katika chuo kizima hakuna mtu mzima ambaye angemwita akamuuliza, mwanangu, mbona huonekani?"

Jibu ni kwamba yupo, kwa karatasi. Vyuo vyetu vina Ofisi ya Mshauri wa Wanafunzi, na mara nyingi kila mwanafunzi hupangiwa mhadhiri wa kumshauri juu ya masomo. Kuna wiki ya kuwapokea wapya, na kozi ya stadi za mawasiliano mwaka wa kwanza. Tatizo ni kwamba vyote hivi humngoja mwanafunzi avifuate. Mtoto wa mwalimu mkuu huvifuata, kwa sababu amekulia katika nyumba ambayo mtu huingia ofisini kudai haki yake. Mtoto wetu amefundishwa, na ni adabu njema, kwamba huendi kumsumbua mkubwa na shida zako. Adabu hiyohiyo humponza.

Mwaka uleule Chimwaga ilipopokea wanafunzi wake wa kwanza, 2007, Chuo Kikuu cha Jiji la New York kilianzisha mpango uitwao ASAP kwa wanafunzi wa kipato cha chini katika vyuo vyake vya miaka miwili. Mwanafunzi alilazimika kuonana na mshauri wake mara kwa mara, kutaka asitake. Alilipiwa pengo la ada, akapewa kadi ya usafiri ya kila mwezi na msaada wa vitabu. Watafiti waliwagawa wanafunzi kwa bahati nasibu, wengine ndani ya mpango na wengine nje, kisha wakawafuatilia. Baada ya miaka mitatu asilimia 40 ya waliokuwa ndani walikuwa wamehitimu, dhidi ya asilimia 22 ya walio nje. Sina nia ya kusema Dodoma ni New York. Nauli ya daladala na mtu wa kukuuliza, hayo ndiyo yaliyoufanya ule mpango ufanye kazi, na hayo hayahitaji teknolojia ya kigeni.

Mfano wa nyumbani upo pia. Shirika la CAMFED, linalosaidia wasichana wa vijijini na ambalo lipo Tanzania tangu 2005, limejenga mtandao wa wasichana waliokwisha kusoma, nao hurudi shuleni kuwaongoza wadogo zao. Hawarudi na hotuba. Hurudi na habari ambayo mdogo hana: fomu ipi, ofisi ipi, na nini cha kutokuogopa.

Jumuiya za wanafunzi Waislamu vyuoni zinastahiki pongezi kwa kazi hiyohiyo. Mgeni anaposhuka stendi ya Nanenane kule Nzuguni na kukuta vijana wenye kanzu na mabinti wenye hijabu wanamwita kwa salamu, wanambebea begi na kumwonyesha foleni ya usajili, hiyo ni rehema. Vijana wa Kikristo wa vyama kama TYCS na CASFETA nao hupokea wa kwao. Ila nitasema ninaloliona, na ndugu zangu wa jumuiya waniwie radhi: mapokezi hudumu wiki mbili, kisha ratiba hujaa mihadhara ya daawa, futari na semina za ndoa. Yote ni mema. Lakini mwezi wa tatu, matokeo ya kwanza yanapotoka, ndio mwezi ambao kijana hupotea, na wakati huo hakuna anayehesabu nani hakuonekana swala ya Ijumaa. Kama kila mwanafunzi wa mwaka wa tatu angepewa wapya wawili wa fani yake na kuwauliza kila Alhamisi "masomo vipi, umekula?", sidhani kama yule kijana angefika kwenye kubeba mizigo.

Kwa mabinti kuna la ziada. Wale waliokosa hosteli hupanga vyumba nje ya chuo, mara nyingi wawili au watatu pamoja, na wazazi hupata khofu inayoeleweka. Wengine huamua binti akae Nkuhungu kwa shangazi, asafiri kila siku hadi Chimwaga, upande wa pili wa jiji, kwa magari mawili. Kipindi kikiisha magharibi, anafika nyumbani usiku na kazi za ndani zinamngoja. Nimezisikia hoja za pande zote mbili, na kwangu mimi, mtoto aliyepata hosteli ya ndani yenye mlezi na akina dada wa jumuiya amehifadhika kuliko anayesubiri daladala gizani. Wapo wajumbe wa kamati yetu wasiokubaliana nami katika hili, na mjadala bado unaendelea.

Yaliyokwisha kuafikiwa ni haya. Msikiti unaweka meza ya karatasi kila Jumamosi baina ya Asri na Magharibi, kuanzia mtihani wa kidato cha sita unapokwisha hadi vyuo vinapofunguliwa. Mezani hukaa wanafunzi wawili wa vyuo vya hapa, mmoja wa kiume na mmoja wa kike, wenye kompyuta ya mkononi, na huhudumia yeyote anayekuja, awe Mwislamu au la. Mfuko wa usajili umetengwa mbali na mfuko wa ujenzi, na hutoa kwa mkopo usio na nyongeza, unaorejeshwa bumu la kwanza linapoingia. Asiyeweza kurejesha husamehewa kimyakimya. Kazi ya vyeti vya kifo imekabidhiwa kamati ya mazishi.

Mzazi anayekuja mezani aje na cheti cha kuzaliwa cha mtoto, namba yake ya mtihani wa kidato cha nne, namba ya NIDA ya mdhamini, na simu ambayo mtoto anapatikana kwayo akiwa kambini. Kama baba au mama wa mtoto amefariki na cheti hakijapatikana, asisubiri matokeo ya mtihani. Aje Jumamosi hii.